John Walter Gregory: Bingwa wa Bonde la Ufa aliyekufa maji korongoni

Mgeni anayefika Marafa saa za alasiri, kaskazini-magharibi mwa mji wa Malindi, hukuta ardhi imekatika ghafla mbele ya miguu yake. Chini kuna vilele vyembamba vya mchanga ulioshikamana, vyekundu, vyeupe na vya rangi ya waridi, vimesimama kama minara ya mji ulioachwa. Wenyeji Wagiriama hupaita Nyari, kwa maana ya mahali palipovunjika penyewe, na watalii wamepabandika jina la Jiko la Jehanamu. Wazee husimulia kwamba hapo zamani paliishi ukoo tajiri uliokuwa na ng'ombe wengi hata ukaoga maziwa, na Mwenyezi Mungu akaudidimiza kwa ajili ya kufuru hiyo.

Wanajiolojia nao wana masimulizi yao. Kwao, Marafa ni kazi ya mvua tu: maji yameteremka mwaka baada ya mwaka juu ya mchanga usio imara, yakachimba na kubeba, hadi korongo likafunguka. Mchanga wenyewe ni sehemu ya matabaka yaliyosambaa nyuma ya ukanda wa matumbawe wa pwani, na moja kati ya hayo hujulikana katika vitabu vya taaluma hiyo kote duniani kwa jina la Magarini. Mwanafunzi wa jiolojia aliyeko Nairobi au Glasgow akitaja michanga ya Magarini, anataja jina la mahali petu bila pengine kujua lilipo kwenye ramani. Jina hilo liliingia katika maandishi ya kisayansi mwaka 1921, kupitia kitabu cha Mwingereza John Walter Gregory kuhusu mabonde ya ufa na jiolojia ya Afrika Mashariki.

Wakenya wengi wamesoma habari za Bonde la Ufa tangu shule ya msingi, lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyelipa umaarufu. Wachache zaidi wanajua alivyokufa.

Gregory alizaliwa tarehe 27 Januari 1864 katika mtaa wa Bow, mashariki mwa London, baba yake akiwa mfanyabiashara wa sufu. Hakuzaliwa katika tabaka la wasomi. Akiwa na umri wa miaka 15 aliacha shule akawekwa karani katika biashara hiyo ya sufu, na huenda hadithi yake ingeishia hapo, katika vitabu vya hesabu na marobota, kama si tabia yake ya kwenda darasani jua likishatua. Alijiandikisha katika masomo ya jioni ya chuo cha Birkbeck, kilichofundisha watu waliofanya kazi mchana. Mwaka 1887 aliajiriwa katika idara ya jiolojia ya makumbusho ya taifa ya elimu ya viumbe mjini London, akapewa kazi ya kupanga na kuchunguza visukuku. Shahada yake ya kwanza aliipata mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 27 na kazi ya kutwa mabegani.

Mwishoni mwa mwaka 1892, kwa taarifa ya muda mfupi sana, alialikwa kujiunga na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kupenya bara kutoka pwani yetu hadi ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Makumbusho yalimpa ruhusa. Msafara ule ulikuwa na fedha, bunduki na mabwana wakubwa, ila haukuwa na busara ya safari. Ulielekea upande wa Mto Tana na huko ukasambaratika kwa maradhi na utaratibu mbovu kabla ya kufika popote pa maana. Gregory naye aliugua. Kwa mtu aliyeomba likizo ya kazi na kusafiri maelfu ya maili, jambo la kawaida lingekuwa kupanda meli na kurudi nyumbani.

Yeye hakurudi. Alikwenda Mombasa, akaajiri wapagazi wapatao 40, na tarehe 23 Machi 1893 akaondoka nao kuelekea bara. Hakuwa na Mzungu mwenzake hata mmoja. Wakati huo reli haijaanza kujengwa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1896. Nchi ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa karibu kufilisika, na misafara iliyokwenda bara kwa kawaida ilikuwa na watu mamia. Kundi la watu 40 lilihesabiwa kuwa dogo mno kuweza kujilinda, lakini pengine udogo huo ndio uliolisalimisha, kwa kuwa halikuwatisha wenyeji wala kuhitaji chakula cha kupora.

Inafaa tutue hapa kidogo kwa ajili ya wapagazi hao. Walikuwa watu wa pwani hii, kundi ambalo Wazungu wa siku zile waliliita Wazanzibari hata kama mtu alitoka kwingineko. Walizoea joto, mnazi na upepo wa kusi. Walibeba mahema, vyakula, shanga na nguo za kubadilishana, na wakati wa kurudi walibeba mawe. Ni kazi ya ajabu kumbebea mtu mawe kwa mamia ya maili, na kila jiwe lililofika kwenye rafu za makumbusho ya London lilifika kwa mabega yao. Majina ya wageni yametapakaa juu ya Mlima Kenya, kuanzia mabonde hadi vilele. Majina ya wapagazi hayamo.

Safari ilipita Naivasha hadi Baringo, kisha nyanda za Laikipia, na hatimaye Mlima Kenya. Huko Baringo ndiko Gregory alikopata alichokifuata.

Swali lilikuwa hili: bonde kubwa namna ile limetokeaje? Mabonde mengi duniani huchimbwa na maji. Mto hupita, hukata mwamba polepole, na baada ya miaka mingi hubaki korongo ambalo kuta zake zinalingana, tabaka kwa tabaka, kama mkate uliokatwa katikati. Mwanajiolojia wa Austria, Eduard Suess, kwa kusoma taarifa za wasafiri waliotangulia na bila yeye mwenyewe kufika Afrika, alikwishatoa rai mwaka 1891 kwamba bonde letu ni mpasuko wa ardhi. Rai hiyo ilihitaji mtu wa kwenda kugusa mawe kwa mkono. Gregory alipochunguza kuta za bonde na milima ya Tugen, ambayo wakati ule Wazungu waliiita Kamasia, aliona kwamba matabaka yamekatika na kushuka ngazi kwa ngazi kufuata nyufa zinazokwenda sambamba. Sakafu ya bonde ilikuwa imezama baina ya nyufa hizo, mfano wa jiwe la katikati ya tao linaloporomoka pande zake mbili zinapoachana. Hakukuwa na mto uliofanya kazi hiyo.

Ugunduzi huo ndio uliomjenga. Kitabu chake cha mwaka 1896 kiliitwa kwa jina la Bonde Kuu la Ufa, na tangu hapo jina hilo halikutoka vinywani mwa watu. Tawi la bonde linalopita Kenya huitwa hadi leo na wanajiolojia kwa jina lake, Ufa wa Gregory.

Mlima Kenya nao ulimpa kisa kingine. Alipanda hadi kiasi cha mita 5,000, hatua ambayo hakuna mwanasayansi aliyekuwa ameifikia kabla yake hapo, akatumia saa kadhaa juu ya barafuto, yaani mto wa barafu, aliyoiita Lewis kwa heshima ya mtaalamu Mmarekani wa elimu ya barafu. Kilele chenyewe hakukifikia. Hicho kilipandwa mara ya kwanza na Halford Mackinder na wenzake mwaka 1899. Ila Gregory aliona jambo ambalo mpandaji wa kawaida angelipita. Chini sana ya mahali barafu ilipoishia siku hizo, alikuta marundo ya mawe na miamba iliyosuguliwa, alama ambazo barafu pekee huziacha. Maana yake ni kwamba zamani barafu ilishuka mbali zaidi, na kwamba hata kwenye ikweta kulikuwa na enzi ya baridi kali. Mwaka 1894 alichapisha ushahidi huo katika jarida la wanajiolojia wa London.

Habari hizo za barafu zinaugusa mji wa Kilifi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Katika enzi hiyo ya baridi, maji mengi ya dunia yalifungwa katika mabamba ya barafu yaliyofunika kaskazini mwa Ulaya na Marekani, na miaka kama 20,000 iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa zaidi ya mita 100. Mito ya pwani yetu ililazimika kuteremka ili kuifikia bahari hiyo, ikakata makorongo katika mawe ya matumbawe. Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi na kuyafurika. Mkono wa bahari unaopitiwa na daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991, ule wenye kuta za mawe pande zote mbili na maji ya kina yanayowafurahisha wenye mashua, ni korongo la mto lililozama. Takaungu ni vivyo hivyo. Mvuvi anayepiga kasia hapo anapita katikati ya korongo bila kuona sakafu yake.

Barafuto ya Lewis yenyewe sasa iko ukingoni mwa kutoweka. Vipimo vilivyolinganisha miaka ya 1930 na mwaka 2010 vilionyesha kuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake, na tangu hapo imezidi kupungua na kugawanyika. Mawe aliyoyaona Gregory ndiyo yatakayosalia kutoa ushahidi.

Baada ya Kenya, maisha yake yalikuwa ya mwendo mmoja: kufundisha, kuandika, kusafiri. Mwaka 1896 alikuwa katika kundi la kwanza kuvuka sehemu ya bara ya kisiwa cha Spitsbergen karibu na Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1900 alikwenda kuwa profesa wa jiolojia huko Melbourne, na katika joto la kiangazi cha mwaka 1901 hadi 1902 alizunguka Ziwa Eyre kwa ngamia pamoja na wanafunzi wake. Aliteuliwa kuongoza wanasayansi katika safari ya Uingereza ya Antaktika, lakini akajiuzulu mwaka 1901 baada ya amri ya safari nzima kukabidhiwa afisa wa jeshi la majini, Robert Scott. Msimamo wake ulikuwa kwamba safari ya elimu haifai kuwekwa chini ya baharia. Tangu 1904 hadi 1929 alikuwa profesa wa chuo kikuu cha Glasgow.

Mwaka 1908 alitumwa na jumuiya ya Wayahudi iliyokuwa ikitafuta nchi ya kuwapa makazi watu wake, akachunguze Cyrenaica, mashariki mwa Libya ya leo. Alirudi na jibu lisilopendeza: maji hayatoshi. Mawe ya chokaa ya huko huyanyonya maji ya mvua na kuyapeleka mbali chini ya ardhi. Mpango huo ukaachwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu Magarini, mahali alipolitoa jina la michanga yake, palikuja kuona kinyume cha tahadhari hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Kenya kwa msaada wa Australia ilianzisha hapo mpango mkubwa wa makazi ya wakulima, na moja kati ya mambo yaliyoukwamisha ni maji safi kutopatikana kwa kiasi kilichotarajiwa.

Gregory alirejea Kenya mwaka 1919, akiwa mtu wa miaka 55, safari hii kwa treni pale alipopita zamani kwa miguu. Katika ziara hiyo alitambua mashoka ya mawe ya watu wa kale huko Olorgesailie, kusini mwa bonde, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walikuja kupachimba tangu miaka ya 1940 na pakawa maarufu. Matunda ya ziara hiyo ndicho kile kitabu cha 1921. Humo alipanga matabaka ya nchi yetu kuanzia pwani hadi maziwa, na ndimo michanga iliyo nyuma ya Malindi ilipopewa jina la Magarini.

Jina lenyewe lilikuwa na jeraha bichi. Miaka 5 tu kabla ya ziara hiyo, mwaka 1914, serikali ya kikoloni ilipigana na Wagiriama, ikachoma nyumba zao na kuwafukuza kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki, eneo ambalo Magarini imo ndani yake. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza watu wake kukataa kutoa vijana na kodi, alikamatwa na kupelekwa mbali na kwao. Katika jiolojia, historia hiyo haina tabaka.

Wala tusiseme kwamba Gregory alikuwa mwanasayansi tu asiyejihusisha na mambo ya watawala. Mwaka 1901 alitoa kitabu juu ya kuanzishwa kwa utawala wa Kiingereza Afrika Mashariki. Mwaka 1925 alitoa kingine kuhusu rangi za watu, ambamo alieleza kuchanganyika kwa Weupe na mataifa mengine kuwa hatari, na kupendekeza watengwe. Kitabu hicho kilisomwa na kusifiwa na watu waliotaka kusikia hayo. Mimi nilikisoma nikiwa chuoni baada ya kuvutiwa na kile cha Bonde la Ufa, na nakiri kwamba nilirudi mara mbili kwenye jalada nikithibitisha kama ni mwandishi yule yule. Mtu aliyeokoka barani kwa uaminifu wa watu 40 wa pwani, aliyewasifu wapagazi wake kwa ustahimilivu, aliandika miaka 32 baadaye kana kwamba hakuwahi kulala kambini nao.

Hata katika taaluma yake hakuwa sahihi kila mara. Katika hotuba zake za urais wa chama cha wanajiolojia cha London, mwaka 1929 na 1930, alishikilia kwamba Atlantiki na Pasifiki ziliwahi kuwa na nchi kavu zilizozama. Nadharia ya mabara kusogea ilikuwa tayari imetangazwa na Mjerumani Alfred Wegener, lakini Gregory hakuipokea. Leo inajulikana kwamba ni mabara yanayosogea ndiyo yanayopanua Bonde la Ufa lake mwenyewe: bamba la upande wa Somalia, ambalo Malindi na Kilifi zimo, linaachana na sehemu iliyobaki ya Afrika kwa milimita chache kila mwaka. Alizipima nyufa sawasawa, lakini chanzo chake kikamponyoka.

Alistaafu mwaka 1929. Watu wa umri wake walikuwa wakipalilia maua nyuma ya nyumba, lakini yeye Januari 1932 alifunga safari ya Amerika Kusini kuchunguza milima ya Andes, volkeno zake na matetemeko yake. Alikuwa na umri wa miaka 68 siku chache baada ya kuondoka. Baada ya kazi ya milimani, kundi lake dogo liliteremka kwa mtumbwi kufuata Mto Urubamba, kusini mwa Peru.

Urubamba ni mto unaopita chini ya magofu ya Machu Picchu. Kabla ya kutoka milimani kuingia misitu tambarare ya Amazonia, hulazimika kupenya ukuta wa mwisho wa Andes. Hapo maji yote ya mto mpana hubanwa kati ya majabali, huchemka, huzunguka na kurudi nyuma. Kwa mwanajiolojia, hakuna njia bora ya kusoma mlima kuliko korongo la namna hiyo, kwa kuwa mto umekwisha kuupasua na kuziacha tabaka zake wazi kutoka juu hadi chini. Hakuna kulipita ila kwa maji. Wakazi wa mto ule hulipita kwa mitumbwi, wakijua msimu na saa ya kujaribu, na hata wao hupoteza watu.

Tarehe 2 Juni 1932 mtumbwi wa Gregory ulipinduka katika maporomoko ya mto huo. Mtu aliyejipatia jina kwa kuthibitisha kwamba bonde moja kubwa halikuchimbwa na mto, alikufa maji ndani ya bonde ambalo mto ulikuwa ukilichimba.

Habari zilifika London baada ya siku kadhaa, magazeti yakaandika tanzia, na chuo cha Glasgow kikampoteza profesa wake wa zamani. Huko Marafa, mvua za masika za mwaka huo zilikuwa zimeendelea na kazi yake, na zinaendelea nayo hadi leo. Wenyeji wanaowatembeza wageni hapo huonyesha kuta ambazo miaka michache iliyopita zilikuwa mbele zaidi, na njia za miguu ambazo imebidi zihamishwe kwa sababu ukingo umesogea nyuma kuelekea vijijini.